Mkono wa Mama Mwenye Nyumba

Siku mguu wa kinyozi ulipokufa, habari zilimfikia jirani kabla hazijamfikia mkewe.

Kinyozi alikuwa ametoka kazini, kwenye kazi ya kusimama kutwa nzima ukizunguka vichwa vya wenzako, akajitupa kitini na kuukunja mguu mmoja chini ya mwingine. Alipotaka kuinuka, mguu ukagoma. Akatangaza, kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa, kwamba mguu umekufa ganzi. Binti yake, ambaye alikuwa anakaribia kutimiza miaka mitano, alikuwa sakafuni akilivisha kopo tupu gauni la vitambaa. Aliutazama ule mguu, akauliza kama unauma, akaambiwa hausikii chochote. Hakuuliza zaidi. Alitoka uani taratibu, na baada ya muda mfupi jirani yao, mama mmoja mkunga mstaafu, akaingia mbio na kanga begani akiuliza msiba ni wa nani. Mtoto alikuwa amemwambia kwamba mguu mmoja wa baba umefariki, wa pili bado unapumua, na maziko ni baada ya chakula.

Mke wa kinyozi, ambaye alikuwa fundi wa kushona nguo, aliisimamisha cherehani akacheka mpaka ikabidi ashike meza. Kinyozi naye alicheka, lakini kwa kuchelewa kidogo, maana jirani alikuwa bado anautazama mguu wake kwa mashaka.

Mtoto huyo nyumbani walimwita Chiriku, kwa sababu alianza kuongea mapema na tangu hapo hakuona sababu ya kunyamaza. Hakuwa mwongo hata kidogo. Shida yake ilikuwa moja: aliamini kila neno aliloambiwa, na aliliamini jinsi lilivyo. Umeme ulipokatika, alimletea mama yake uzi aushone, na akashauri utumike uzi mweusi kwa vile giza limeingia. Aliposikia mdogo wake ana kichwa kigumu, alikigonga kwa mwiko ili ahakikishe, kisha akaja kuripoti kwamba si kigumu sana kwa sababu kimelia.

Mdogo wake naye walimwita Mzee. Alizaliwa na upara na hadi sasa, akiwa na miaka miwili, hakuonyesha haraka ya kuuacha. Wateja wa kinyozi walilifurahia sana jambo hilo, wakasema baba kamaliza kazi tumboni. Mzee alikuwa na neno moja tu duniani, nalo ni bado. Alilipata kwa wazazi wake, kwani kila alichokiomba kwa kidole, uji, matembezi, kubebwa, alijibiwa bado. Akalichukua, akalifanya lake. Umeshiba? Bado. Una usingizi? Bado. Umejikojolea? Bado, na huku suruali inachuruzika.

Kama kulikuwa na mtu wa kulaumiwa kwa maneno ya Chiriku, ni kinyozi mwenyewe. Mdomo wake haukujua likizo. Wapo wateja waliokuja kibandani kwake na vichwa ambavyo havikuhitaji kunyolewa, wakakaa tu wasikie anavyowachambua watu. Mkewe alimwonya mara nyingi kwamba maneno anayoyatupa nyumbani yana mtu wa kuyaokota. Kinyozi akasema mtoto ni mtoto, husahau.

*

Simu ya Mama Mwenye Nyumba iliingia siku ya Alhamisi, wakati fundi anapima mkono wa gauni.

Mama Mwenye Nyumba alikuwa mjane, aliishi upande wa pili wa mji, na alionekana kwa nadra sana. Kodi walimtumia kwa simu, na waliituma kwa wakati, kwa hiyo hapo hakuna aliyeweza kuwanyooshea kidole. Jambo lilikuwa jingine. Mtu fulani aliyepita barabarani alikuwa ameupiga picha ukuta wa mbele wa nyumba na kumpelekea, pamoja na malalamiko ya kelele. Ukutani, kwa mkaa, Chiriku alikuwa amechora familia nzima, kila mtu na nywele zake zote, isipokuwa Mzee, na pembeni peke yake ukalala mguu uliokufa. Mama Mwenye Nyumba alisema atakuja Jumapili alasiri waongee habari ya nyumba. Akaongeza, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba wapo wawili, mume na mke, hawana watoto, wanaitaka.

Fundi aliiweka simu chini na hakuishika tepu tena kwa muda mrefu. Chumba cha mbele kilikuwa na dirisha pana lililotazama barabara, na mwanga wake ulimtosha kutoka asubuhi mpaka jioni. Wateja wake walimjua kwa dirisha hilo, wengi hata jina lake hawakulijua. Kibanda cha mumewe kilikuwa kona ya pili. Mkunga mstaafu, ambaye huwashika watoto kazi zikizidi, alikuwa hatua chache tu uani. Na kwingine kote walikowahi kuulizia vyumba, swali la kwanza lilikuwa mna watoto wangapi, na baada ya jibu vyumba vikawa vimeshachukuliwa. Aliogopa, na alimwambia mumewe wazi kwamba anaogopa.

Kinyozi aliogopa pia, lakini yeye hofu yake hutokea mdomoni ikiwa imevaa nguo za hasira. Akaanza kuhesabu makosa ya mwenye nyumba. Kioo cha dirisha kimepasuka tangu mvua zilizopita. Mfereji wa paa unaning'inia, ukisubiri kumwangukia mtu. Wamemwambia, wamemkumbusha, mama yule hajatoa hata msumari.

"Mkono wa birika ule," akasema. "Sijawahi kuona."

Chiriku, aliyekuwa chini ya meza ya kushonea akiokota vifungo, alitoa kichwa nje.

"Nani ana mkono wa birika?"

"Mama Mwenye Nyumba."

"Wa birika kabisa?"

"Wa birika kabisa."

Mtoto alifikiri. "Chai inatokea wapi? Kwenye kidole?"

Hapo ndipo mtu mwenye busara angesema kaoge. Lakini kinyozi alishapata msikilizaji, na akipata msikilizaji huwa hajiwezi.

"Haitoki. Wa kwake umeziba, mwanangu. Hautoi hata tone."

"Unamuuma?"

"Hilo kamuulize mwenyewe," akasema kinyozi, akaenda zake kunawa.

Chiriku alibaki amekaa na vifungo mkononi. Alikuwa na huruma huyu mtoto, hata kuku akichechemea humwambia pole. Kesho yake asubuhi birika la kwao liliziba kwa majani ya chai, baba yake akalizibua kwa njiti ya kiberiti, na yeye akasimama karibu kumwangalia kwa makini kuliko siku zote. Hakuna aliyeshangaa.

*

Jumapili walianza kazi mapema. Kinyozi alisugua ukuta kwa brashi na sabuni. Nywele zilitoka, nyuso zikatoka, mikono ikatoka, ila ule mguu ulikataa kufutika. Kadiri alivyousugua ndivyo ulivyozidi kung'aa. Mwishowe akauwekea kiti mbele, akijua vizuri kwamba kiti hakina kazi pale.

Ndani, fundi alikunja vitambaa vya wateja, akapiga deki, akachemsha mayai ya kumpa mgeni pamoja na chai. Kinyozi alimfuata nyuma akifanya mazoezi ya maneno atakayosema. Alipanga kuanza kwa kuusifu ukarimu wa mama huyo. Mkewe alimtazama tu. Akasema yeye anaona waseme ukweli: watoto wapo, ukuta utapakwa rangi, wanaomba wabaki.

"Ukweli utakuwepo," kinyozi akajibu, "lakini tuupambe kidogo. Ila kwa uangalifu. Yule mama amekula chumvi nyingi, ukimdanganya vibaya anakushika."

Chiriku, aliyesimama mlangoni akiwa ameshavishwa na kuchanwa, alisikia, akageuka, akaelekea jikoni. Alirudi baada ya muda, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekamilisha jambo muhimu.

Baba yake alichuchumaa mbele yake akamshika mabega. Alimweleza kwamba mgeni anayekuja ni mtu mkubwa, kwamba nyumba hii ni yake, na kwamba wakimuudhi watalala nje. "Kwa hiyo leo, mama yangu, ufunge mdomo. Ufunge kabisa, mpaka mgeni aondoke. Na mdogo wako pia. Umenielewa?"

Chiriku alitikisa kichwa kukubali. Hakuuliza swali hata moja, na hilo peke yake lingetosha kuwatia wasiwasi wazazi, lakini walikuwa na mambo mengi kichwani.

*

Mama Mwenye Nyumba alifika kwa miguu, ingawa jua lilikuwa kali na kwake ni mbali. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, na alijifunika mtandio mzito upande wa kulia kutoka begani mpaka kiunoni kana kwamba kuna baridi. Kinyozi alimwamkia kwa heshima zote akanyoosha mkono wa kulia. Mama Mwenye Nyumba aliitikia, akampa wa kushoto. Tangu kinyozi azaliwe hakuna aliyempa mkono wa kushoto mlangoni kwake, na jambo hilo lilimchoma mpaka ndani. Hata hivyo alitabasamu na kusema karibu sana, mama, ni heshima kutembelewa na mama mkarimu kama wewe.

"Mkarimu," mgeni akarudia, kama mtu anayeonja kitu.

Hakuingia moja kwa moja. Alitembea kando ya ukuta, akakisogeza kile kiti kwa goti.

"Na huu?"

"Ni mguu, mama," fundi akasema.

"Wa nani?"

"Wa baba yao."

Mama Mwenye Nyumba aligeuka akaitazama miguu ya kinyozi, mmoja kisha wa pili. Kinyozi alijikuta anaificha, asijue aiweke wapi.

Waliingia chumba cha mbele. Fundi alikuwa ndiyo kwanza anasema karibu kiti, pazia la chumba cha ndani likafunguka na watoto wakatokea wameshikana mikono. Chiriku alikuwa amejifunga kitambaa chekundu mdomoni, kimezungushwa mpaka kisogoni na kupigwa fundo, macho tu yakionekana juu yake. Mzee naye alikuwa amefungwa, ila chake kilishuka shingoni, akaonekana kama mtu anayekwenda harusini.

Mama Mwenye Nyumba aliwatazama watoto, kisha akawatazama wazazi, na uso wake ukabadilika.

"Nimeletewa malalamiko ya kelele na ya ukuta," akasema polepole. "Sikuambiwa kwamba ndivyo mnavyowanyamazisha."

Hotuba yote ya kinyozi iliota mbawa. Mkewe ndiye aliyejaribu kueleza kwamba hawakuwafunga, kwamba mtoto amejifunga mwenyewe, na kadiri alivyoeleza ndivyo yeye mwenyewe alivyosikia jinsi maneno hayo yanavyochekesha. Mgeni alimwita Chiriku kwa kidole, akakishusha kitambaa kwa mkono wake wa kushoto.

"Nani amekufunga?"

"Mimi," Chiriku akasema, akivuta pumzi. "Baba alisema nifunge mdomo mpaka uondoke. Mzee nilimfunga vizuri lakini hana nywele za kushikilia. Shikamoo."

"Marahaba," akasema Mama Mwenye Nyumba.

Alikaa. Fundi alikifungua kile kitambaa shingoni mwa mtoto, na hapo akagundua kwamba ni mkono wa gauni la mteja, ule alioukata jana. Aliukunja akauweka mfukoni. Mambo ya kulilia yalikuwa mengi, na hilo lingesubiri zamu yake.

Chai ililetwa, na mayai kwenye sahani. Mgeni alilitwaa yai la kwanza, ambalo fundi alishalimenya, akaomba chumvi. Fundi alikwenda jikoni. Alisikika akifungua makopo, akafunga, akafungua tena.

"Haipo huko," Chiriku akasema kwa sauti ya kumsaidia. "Nimeificha kwenye kiatu cha baba. Baba alisema huyu mama amekula chumvi nyingi. Yetu imebaki kidogo tu."

Kinyozi aliangalia dari. Jasho lilimtoka palepale kwenye upara wake mdogo ambao wateja walikuwa hawajauona. Mama Mwenye Nyumba alitafuna yai lake bila chumvi, taratibu, mpaka likaisha.

"Nimekula nyingi, ni kweli," akasema. "Sasa tuongee. Sikuja kunywa chai. Wapo watu wawili wanataka hapa, watulivu, hawana mtoto wala paka. Nimewaambia nitawajibu kesho. Nyie nilikuwa nataka mhame mwisho wa mwezi huu."

Ndilo hilo, limeshasemwa. Fundi aliyekuwa amerudi mlangoni aliegemea fremu yake. Kinyozi alitafuta neno, lolote, katika maelfu aliyoyatumia maisha yake yote kwa mambo ya upuuzi, na hakuna hata moja lililokuja kumsaidia.

Mgeni alinyoosha mkono akachukua yai la pili. Hili lilikuwa bado na ganda. Alilibingirisha kwenye sahani kwa mkono wa kushoto likapasuka, akajaribu kulimenya kwa kidole gumba, likamkimbia. Akajaribu tena. Mwishowe mkono wa kulia ukatoka chini ya mtandio kuja kulishika.

Mkono ule ulikuwa umekunjika kwenye kiwiko na haukunyooka. Kifundo kilipinda kuelekea chini, na vidole vilikuwa vimebanana pamoja, vimechongoka kama mdomo wa birika.

Kinyozi aliuona. Mkewe aliuona. Na Chiriku aliuona, akatoweka jikoni kabla mtu hajamshika. Aliporudi alikuwa na kikombe katika mkono mmoja na njiti ya kiberiti katika wa pili. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye magoti ya mgeni, akakiweka kikombe chini ya vile vidole.

"Pole," akasema. "Nitakuzibulia."

"Utazibua nini?"

"Mkono wako wa birika. Baba alisema umeziba, hautoi hata tone. La kwetu pia liliziba, akalichokonoa kwa njiti, likapona. Halikulia."

*

Yai lilidondoka likabingirika chini ya cherehani, na Mzee akalifuata. Mama Mwenye Nyumba aliurudisha mkono chini ya mtandio haraka, kama mtu aliyekutwa bila nguo. Alipoongea, sauti haikuwa ile ya mwenye nyumba.

"Nani amewaambia habari ya mkono wangu?"

Hakungoja jibu.

"Shuleni waliniita Birika," akasema, akitazama mlango. "Mwalimu akiita jina langu, darasa zima linatoa sauti ya chai inayomiminwa. Nimeufunika miaka yote. Nilidhani walioniita hivyo hawapo tena." Akaanza kuutafuta mkoba wake.

Hapo ndipo kinyozi alipoelewa. Aliona njia ya kwanza, ya kusema mtoto anatunga tu, unajua watoto, na mama huyu angeondoka akiamini kwamba kuna nyumba nzima inacheka kilema chake, tena nyumba yake mwenyewe. Aliona na njia ya pili, ya kusema ukweli, ambayo ilikuwa mbaya vilevile, kwani haikupita hata nusu saa tangu amwite mkarimu mlangoni. Alimtazama mkewe. Mkewe hakumwonyesha njia yoyote, alimtazama tu kama asubuhi ile aliposema waseme ukweli.

"Mama, subiri," akasema. "Mimi habari za mkono wako sikuzijua. Naapa. Leo ndiyo naona. Nilisema una mkono wa birika kwa maana ile nyingine."

"Maana ipi?"

"Ile wanayosema watu."

"Wanasema nini?"

"Kwamba mtu... kutoa kwake ni kugumu."

"Litaje neno lenyewe. Wewe si mtu wa maneno?"

Kinyozi alifumba macho. "Bahili, mama. Nilisema wewe ni bahili. Kwa ajili ya kioo kile, na mfereji wa paa."

Fundi alikaa chini palepale mlangoni, kwa kuwa miguu yake nayo sasa ilikuwa inakufa.

"Bahili," akasema Mama Mwenye Nyumba.

"Ndiyo, mama."

"Bahili tu? Si mkono?"

"Bahili tu, mama. Haki ya Mungu."

Kitu kilianza kutikisika chini ya mtandio. Mwanzoni kinyozi alidhani mama analia, akajiona mtu mbaya kuliko wote. Kisha sauti ikatoka, kicheko kikavu kisichozoea kutumika, kikapanda, kikapata nguvu, mpaka mama wa watu akajifuta macho kwa pindo la mtandio. Alisema marehemu mume wake alimwita hivyohivyo, na dada yake humwita hivyo kila sikukuu, na muuza nyanya wa kwao humwita hivyo usoni.

"Ubahili nimeuchagua mwenyewe, na umenijengea nyumba tatu," akasema alipopata pumzi. "Mkono huu sikuuchagua."

Akautoa nje, akauweka kwenye goti, mahali pa kila mtu kuona. Chiriku hakuwa ameondoka. Kikombe kilikuwa bado mikononi mwake, na njiti tayari.

"Sasa nizibue?"

"Chiriku," mama yake akasema kwa sauti iliyochoka.

"Mwacheni." Mgeni alimvuta mtoto karibu akamweleza, taratibu, kama mtu anayemweleza mwenzake, kwamba alipokuwa na umri kama wake alipanda juu ya banda la kuku kutafuta yai, akaanguka, mfupa ukaunga vibaya. Chiriku aliuliza kama yai lilipatikana. Akaambiwa lilivunjika. Alitafakari, akasema basi ndiyo maana mayai yanamkimbia, yanamkumbuka.

Mama Mwenye Nyumba alicheka tena. Kisha akaingiza mkono wa kushoto mkobani, akapekua chini kabisa, akatoa kitu alichokificha kiganjani. Akakipitisha kwenye vile vidole vilivyobanana, akauinua mkono wake uliokunjika juu ya kikombe, akauinamisha kama anayemimina. Peremende moja ikadondoka ndani, ikalia kong.

Chiriku alichungulia kikombeni. Akamgeukia baba yake, macho yamemtoka.

"Baba, limetoka tone."

"Naona," akasema kinyozi.

"Na la Mzee?"

Kila mtu chumbani aliona mapambano yaliyopita usoni mwa mama yule. Mkono wa kushoto ulirudi mkobani, ukakawia huko, na mwishowe birika likatoa tone la pili. Mzee alitoka chini ya cherehani na yai lenye vumbi, akalibadilisha kwa peremende bila majadiliano.

Chai iliyokwisha kupoa ilipashwa moto, na chumvi ikatolewa kwenye kiatu. Mgeni aliuliza habari za kushona, akaonyeshwa ule mkono wa gauni ulioharibika kwa fundo, akasema ukikatwa hivi na hivi unafaa kuwa mkanda, na fundi akaona ni kweli. Akasema kwake kuna nyumba kubwa na mtu mmoja, bomba likidondosha tone usiku analisikia mpaka chumbani. Hakulisema kwa kuomba huruma, na hakuna aliyempa. Chiriku alimwambia alete uzi, mama atalishona.

Alipoinuka kuondoka, mtandio aliutupia begani, mkono ukabaki nje. Kinyozi alimsindikiza mpaka mlangoni, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alichagua neno kabla ya kulisema. Akauliza kwa unyenyekevu kama ile habari ya kioo sasa labda inaweza kutazamwa.

"Kioo mtanunua wenyewe," akasema Mama Mwenye Nyumba. "Nisije nikajiharibia jina."

Kinyozi aliinamisha kichwa. Jambo lile kubwa hakuna aliyethubutu kulitaja. Mkewe alisimama nyuma yake akiwa ameshika pazia. Mgeni alishuka kizingiti, akapita mbele ya mguu ule ukutani, akasimama. Akageuka. Mzee alikuwa amekaa kizingitini, peremende shavuni, upara unameremeta juani.

"Haya, Mzee," akamwambia. "Hebu niambie wewe. Mnahama lini?"

Mzee aliitoa peremende mdomoni kwa vidole viwili, akaikagua imebaki kiasi gani, akamtazama mama yule kwa utulivu.

"Bado," akasema.

Mama Mwenye Nyumba alitikisa kichwa polepole, kisha akamgeukia kinyozi na kumpa mkono, ule wa kulia.

"Si umesikia?" akasema. "Mwenye nyumba ameshasema."